Je, wajua kwa nini mtoto wa karibu mwaka anaweza kubaki na kipara?

Panda daladala ya Kirumba, jijini Mwanza, umempakata binti wa miezi kumi asiye na nywele. Kabla hujashuka Mwaloni ameshaitwa "kidume" mara tatu, na wa nne atakuuliza: "Mama, mbona humnyoi? Ukipitisha wembe zinaota nyingi."

Wembe hauongezi hata unywele mmoja. Vinyweleo, yaani vile vitundu vya ngozi ambamo nywele huota, hutengenezwa mtoto akiwa tumboni. Mimba ikifika kama miezi mitano, vya kichwani vimeshatimia, takriban 100,000, na akizaliwa haviongezeki. Wembe hukata juu. Mzizi uko chini, hauna habari. Zinazorudi huonekana nzito kwa sababu zimekatwa butu, wakati ncha ya unywele usioguswa imechongoka. (Anayenyoa siku ya saba kwa ajili ya akika ana sababu yake, hiyo sina ugomvi nayo.)

Siri iko kwenye zamu. Kinyweleo huotesha, kisha hupumzika miezi miwili mitatu, unywele wa zamani ukadondoka na mpya ukachomoza. Kwetu watu wazima zamu hizo hupishana, ndiyo maana hatuoni pengo. Kwa kichanga vingi hupumzika kwa pamoja, basi nywele alizozaliwa nazo zinapukutika. Hata kile kipara cha kisogoni ambacho bibi husema kimeletwa na kulalia mgongo, chanzo chake hasa ni zamu: vinyweleo vya kisogoni huchelewa kupumzika. Msuguano huchangia tu.

Zinazofuata huweza kuwa laini kama malaika, vile vinywele vya mkononi, tena za kipilipili hujikunja, kwa hiyo zipo ila hazionekani. Na kuna kurithi: muulize bibi mzaa baba kichwa cha mwanawe kilikuwaje.

Cha kuangalia ni nywele zilizokuwa nyeusi zikageuka nyekundu-nyekundu, zikang'oka bila kuuma, huku miguu ikivimba. Hiyo ni dalili ya kwashakoo, na humpata hata mtoto wa kando ya ziwa aliyeachishwa kunyonya akawa analishwa uji mtupu wa mahindi au muhogo, wakati dagaa wanaanikwa nje ya mlango. Mpeleke kliniki haraka.

Mabaka ya mviringo yenye magamba ni mapunye. Hayaishi kwa kupaka tu, maana fangasi huingia ndani ya unywele wenyewe. Daktari huandika dawa ya kunywa.