Pierrot Hakupakwa Rangi Upya

Tangu Pierrot, mchoro wa mchekeshaji wa jukwaani mwenye nguo nyeupe uliochorwa na Mfaransa Antoine Watteau, uonyeshwe tena katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, mwezi Oktoba 2024 baada ya matengenezo, kitengo chetu cha kuhifadhi picha kimekuwa kikipokea lalamiko lilelile: ati nguo ya Pierrot imepakwa nyeupe mpya. Haikupakwa. Vanishi, yaani utando angavu unaopakwa juu ya rangi kuilinda, ikizeeka hugeuka njano, na weupe wote wa chini yake hufifia. Mtaalamu huiondoa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kiyeyushi, eneo dogo kwa wakati mmoja, huku akikagua pamba. Ikitoka na manjano ataendelea; ikitoka na rangi ya mchoraji, anasimama hapo hapo.

Ukifika mbele ya mchoro huo, wenye kimo cha takriban sentimita 185, usiharakishe. Pierrot amesimama mikono ikining'inia, suruali fupi ikiacha vifundo wazi, viatu vimefungwa utepe wa waridi. Nyuma yake, kwenye bonde, wachekeshaji wenzake wanaonekana nusu mwili tu. Mmoja wao, mhusika aitwaye Daktari, amepanda punda, na jicho moja la punda linatutazama sisi. (Jina la zamani la mchoro huu, Gilles, lilishawekwa kando, vazi ni la Pierrot.)

Tazama, lakini usiguse, wala usitumie mwanga wa kamera. Nchini Ufaransa, mali ya makumbusho ya taifa haikarabatiwi kabla ya jopo la kisayansi kushauriwa, na kazi hufanywa na mtaalamu mwenye sifa chini ya usimamizi. Atakayeiharibu kwa makusudi anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 7 na faini ya euro 100,000, chini ya kifungu cha 322-3-1 cha Kanuni ya Adhabu. Wakishirikiana watu kadhaa, ni miaka 10 na euro 150,000. Mahakama inaweza pia kupandisha faini hadi nusu ya thamani ya mali yenyewe.

Kwa kusafisha picha za kuchorwa za nyumbani, tumeshasema mara nyingi: sabuni hapana, viazi hapana, mkate hapana. Hivi karibuni tuliletewa picha ya bibi mmoja iliyosuguliwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Nusu ya shavu ilikuwa imebaki kwenye kitambaa.

Rangi ikianza kubanduka, laza picha chali, isiguswe. Vipande vilivyodondoka vikusanywe kwenye bahasha na vije pamoja nayo, hata kile kidogo kama punje ya mtama.