Kufuli la kitabu pepe humfungia aliyelipa

Kazi yangu ni kutengeneza vitabu pepe, na kila mwandishi huja na ombi lile lile: "Niwekee kufuli, kisije kikasambaa WhatsApp." Kufuli hilo halifanyi kazi hiyo.

Faili husimbwa, yaani maandishi yake hugeuzwa yasisomeke, programu ya kusomea ikaomba ufunguo kwenye seva, kompyuta inayotunza funguo. Hapo wote tunaelewana. Wasichotaka kukisikia ni kwamba msomaji hawezi kuona hata ukurasa mmoja mpaka ufunguo huo ufike kwenye simu yake. Unamkabidhi mtu sanduku na ufunguo wake, halafu unaomba asiutazame! Ndiyo maana makufuli ya kampuni ya Adobe na ya Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, yamevunjwa mara kwa mara. Tena mvunjaji mmoja anatosha: nakala yake haina kufuli, na wanaoipokea hawahitaji ujuzi wowote.

Sheria haikusaidia. Marekani iliharamisha uvunjaji huu mwaka 1998, na Julai 2001 Mrusi Dmitry Sklyarov akakamatwa Las Vegas kwa programu iliyoondoa ulinzi wa Adobe. Programu za aina hiyo zipo hadi leo.

Anayeumia ni mnunuzi. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa humo havikufunguka tena. Pesa zilirudishwa, walioandika maelezo yao pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25.

Halafu tazameni hizo PDF za WhatsApp. Ninazoletewa nyingi ni picha za kurasa za karatasi, kidole cha mpigaji kikionekana pembeni, au faili la kiwanda cha uchapaji lenye alama za kukatia karatasi. Kufuli gani lingezizuia?

Mchapishaji Tor aliacha makufuli mwaka 2012, na mwaka uliofuata akasema hakuona uharamia ukiongezeka. Lakini huyo anauza hadithi za kubuni kwa wasomaji wanaompenda. Siwezi kuapa kwamba kitabu cha kiada kingenusurika hivyo. Na maktaba inayoazimisha kwa wiki mbili sijui ingefanyaje bila kufuli. Huko naliweka.

Kwenye vitabu vya kuuza siweki kufuli; naandika jina la mnunuzi ndani ya kurasa, ili nakala ikisambaa ijulikane ilitoka kwa nani. Mwizi aliyedhamiria atalifuta. Aliyelipa atafungua kitabu chake hata duka likifungwa.