Aliyepigwa na shoti habaki na umeme mwilini
Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya mtandaoni hudai kwamba fundi aliyepigwa na shoti afukiwe mchangani ili umeme umtoke. Si kweli: mwili hauhifadhi umeme, na akishatenganishwa na waya anaweza kuguswa bila hatari. Mkanganyiko hutokana na ukweli kwamba anayemshika majeruhi ambaye bado amegusana na waya, naye hupigwa na shoti. Ndiyo maana mafundi huzima laini, huipima na kuiunganisha na ardhi kabla ya kumfikia mwenzao. Kinachosikitisha ni dakika zinazopotelea kwenye kuchimba shimo, ilhali asiyepumua anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Muulize mkufunzi yeyote wa huduma ya kwanza, naye atakuthibitishia.