Agni, moto wa tumbo katika Ayurveda

Ayurveda ni tiba ya jadi ya India, na agni ni jina lake la ule uwezo wa mwili wa kugeuza chakula kuwa nguvu, damu na nyama. Mabingwa wake huhesabu agni 13, lakini kwa anayejitunza nyumbani inatosha kuijua moja, ya tumboni: jatharagni. Ikiwa sawa, njaa huja kwa wakati wake na chakula hakikulemei. Ikiyumba, leo choo kigumu, kesho tumbo limejaa gesi. Ikizidi ukali, ni kiungulia na njaa isiyotulia. Ikififia, unakula kidogo tu na bado unajiona mzito, asubuhi ulimi umetanda utando. Chakula kisichosagika vizuri huacha uchafu ambao kwa Kisanskriti huitwa 'ama', na kwa Ayurveda maradhi mengi huanzia hapo.

Usiichukulie agni kuwa ndiyo asidi ya tumbo. Hakuna maabara inayoipima. Ni namna ya kujichunguza, na mimi naona faida yake kubwa ni kukufanya ujiulize kabla ya kupakua: nina njaa kweli, au ni saa tu imefika?

Kuitunza hakuna gharama. Usiongeze mlo juu ya mlo ambao haujashuka. Chakula kikubwa kiwe cha mchana, cha usiku kiwe chepesi. Tena usishibe mpaka kooni: Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba hii, kinaligawa tumbo mafungu matatu, la chakula kigumu, la vinywaji, na la tatu liachwe wazi. Waislamu watakumbuka hadithi ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi.

Moto ukififia, tafuna kipande chembamba cha tangawizi mbichi chenye chumvi na ndimu kabla ya kula. Au pika khichdi, chakula laini cha mchele na choroko. Osha nusu kikombe cha mchele na nusu kikombe cha choroko zilizokobolewa. Pasha samli vijiko viwili, tia bizari nyembamba hadi inukie, kisha tangawizi ya kuponda, manjano kidogo, na mvuje usiozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndiyo, mvuje ule ule wa maduka ya dawa za asili Pwani. Ukiwa mkavu unanuka hadi unageuza uso, lakini ukikutana na samli ya moto harufu inalainika, inakaribia ya kitunguu cha kukaanga. Mimina mchele, choroko, chumvi na maji vikombe vinne, uache moto mdogo hadi vipondeke. Aliyetoka kwenye homa hukila bila kulazimishwa.

Mwenye vidonda vya tumbo aende taratibu na tangawizi. Choo chenye damu, au kukonda bila sababu, ni mambo ya hospitali. Na vidonge vya Ayurveda vya kuagiza mtandaoni mimi sivipendekezi: baadhi vimepimwa vikakutwa na madini ya risasi na zebaki.