Maadili ya uhandisi si somo la wala rushwa tu

Wanafunzi wengi wa uhandisi huamini somo la maadili ni la kuonya wala rushwa, na kwamba mwenye roho safi hana cha kujifunza humo. Si kweli.

Tazama hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981, njia mbili za juu za kupitia watu ziliporomoka ukumbini na kuua watu 114. Katika mchoro wa awali, chuma kimoja kirefu cha kuning'inizia kilipita njia ya ghorofa ya nne hadi ya pili, na kila nati iliyofungwa kwenye chuma hicho chini ya njia ilibeba njia yake tu. Ili kurahisisha ujenzi, kikagawanywa kuwa vyuma viwili, njia ya ghorofa ya pili ikaning'inia kwenye boriti za ile ya nne. Mzigo wa nati ya juu ukawa maradufu, ikachomoka ndani ya boriti. Kiungo hicho hakikupigiwa hesabu, lakini michoro ilikuwa na muhuri wa mhandisi. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni.

Kwa hiyo maadili yafundishwe ndani ya somo la miundo. Wape wanafunzi michoro yote miwili, wakokotoe mzigo wa nati, kisha wamwandikie mkandarasi barua ya kukataa badiliko: mzigo umetoka kiasi gani hadi kiasi gani, na kazi isimame wapi. Hapo ndipo pagumu. Anayeandika “tafadhali angalieni upya” bila namba hajamsimamisha fundi yeyote.