Uadilifu wa mwalimu wa kiroho na namna ya kuupima

Kupima uadilifu wa mwalimu wa kiroho ni kuchunguza kama mwenendo wake unamstahilisha kuaminiwa na watu wanaomkabidhi siri zao, dhamiri zao na pengine mali zao. Ni jambo tofauti na kuuliza kama anayofundisha ni kweli, au kama ibada alizoziongoza ni halali. Mabishano juu ya walimu wenye utata huwa hayaishi kwa sababu maswali hayo matatu hufungwa kapu moja.

Tofauti hiyo ni ya kale. Mwaka 314, maaskofu waliokutana Arles, katika Ufaransa ya leo, waliamua kwamba kiongozi wa kanisa aliyesalimisha Maandiko kwa watesi wa Wakristo avuliwe daraja, yaani cheo chake cha utumishi kanisani, mradi kosa lithibitike kwa kumbukumbu za serikali na si kwa maneno matupu. Lakini wale aliokwisha kuwapa daraja, ikiwa wanafaa, wabaki nalo. Mtu akahukumiwa, kazi yake ikabaki halali. Wanazuoni wa Kiislamu wa hadithi za Mtume nao waliijenga elimu ya jarhi na taadili, yaani kumtia dosari msimulizi au kumthibitisha kuwa mwadilifu, na hawakuhesabu kuzitaja dosari zake kwa haja hiyo kuwa ni kusengenya.

Mfano wa karibu unauma zaidi. Jean Vanier alianzisha jumuiya ya L'Arche mwaka 1964, akaishi na watu wenye ulemavu wa akili, na wengi walimwona mtakatifu aliye hai. Alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi kwamba aliwadhulumu kingono wanawake sita waliomwendea kwa mwongozo wa kiroho, na ripoti ya mwaka 2023 ikataja wasiopungua 25. Wema wake kwa walemavu haukuwa wa kuigiza, nami sioni sababu ya kuufuta. Ila haukuwa ushahidi wa namna alivyomtendea mwanamke aliyekuwa naye faraghani, akimweleza kuwa tendo lile lina maana ya kiroho. Ushahidi wa jambo hilo walikuwa nao wanawake wenyewe.

Utetezi mgumu zaidi kuujibu ni ule wa "hekima ya kichaa": kwamba mwalimu aliyefikia mwangaza wa kiroho huvunja adabu makusudi ili amzindue mwanafunzi. Ndivyo walivyosema wafuasi wa Chögyam Trungpa, mwalimu wa Ubudha wa Kitibeti aliyefariki mwaka 1987, ambaye hakuficha ulevi wake wala kulala na wanafunzi wake. Kutoficha ni afadhali kuliko unafiki, lakini hakutuambii kama mwanafunzi aliweza kukataa bila kupoteza nafasi yake mbele ya mwalimu. Tena mapokeo hayohayo ya Kitibeti humtaka mwanafunzi amchunguze mwalimu kwa muda mrefu, hata miaka kadhaa, kabla ya kumkubali.