Ligi ikisimama, kocha naye hupumzika? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Ligi ikisimama, kocha amepumzika.

Wachezaji ndio wanaopumzika. Kocha mara nyingi hubadilishiwa kazi tu. Januari dirisha dogo la usajili liko wazi: mawakala wanapiga simu, viongozi wanataka majina, asiyepangwa anaomba atolewe kwa mkopo. Huku kwetu, ligi ikipisha Kombe la Mapinduzi, timu kubwa za Dar es Salaam huvuka bahari kwenda Zanzibar na makocha wao, na hakuna shabiki wa Simba au Yanga anayelichukulia kombe lile kama bonanza.

Ndiyo maana kocha anaweza kulala kwake wiki nzima na bado asiwepo. Chakula kiko mezani, mtoto anasimulia ya shule, na baba amepakata kompyuta akirudia kona ileile ya mpinzani. Familia huliona hilo mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Pumziko lake linaanza pale mtu mwingine anapopokea zile simu.

Dhana: Kocha anayekwenda likizo katikati ya msimu anaidharau timu.

Jürgen Klopp, akiwa kocha wa Liverpool, alisemwa sana kwa hili. Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu ya Uingereza ilianzisha mapumziko ya Februari kwa mara ya kwanza. Liverpool ikatoka sare ya 2-2 na Shrewsbury katika Kombe la FA, mchezo ukatakiwa kurudiwa Anfield Februari 4, 2020, ndani ya siku hizohizo za mapumziko. Klopp alikuwa ameshawaahidi wachezaji likizo yao, na watu walikuwa wameshapanga mambo na familia zao. Akakataa kuivunja ahadi. Yeye mwenyewe hakwenda uwanjani. Timu akaachiwa Neil Critchley, kocha wa vijana wa chini ya miaka 23.

Lawama zilimiminika: amelikosea heshima kombe, amewakosea mashabiki. Critchley akapanga kikosi chenye umri mdogo kuliko chochote katika historia ya klabu, nahodha akiwa Curtis Jones wa miaka 19, wakashinda 1-0.

Wapo wanaokumbusha kwamba mwisho wa mwezi uleule kikosi cha kwanza kilipigwa 3-0 na Watford. Ni kweli, na wala mapumziko hayakuwahi kuahidi kwamba timu haitafungwa tena. Lakini msimu ulipokwisha, Liverpool ilikuwa bingwa wa ligi baada ya miaka 30, kwa pointi 99. Kwangu mimi, usiku ule wa Critchley ni sehemu ya ubingwa ule, kwa sababu kocha mkuu aliamini kwamba nyumba inaweza kusimama bila yeye kushika kila nguzo.

Dhana: Kutolala ni dalili ya kujituma.

Steve Clifford alikuwa akiifundisha Charlotte Hornets kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Desemba 2017 maumivu makali ya kichwa yalimlazimisha kuweka kazi kando, na baada ya vipimo madaktari wakamwambia tatizo ni kukosa usingizi. Mtu huyu alikuwa ameshawekewa vipandikizi vya kuzibua mishipa ya moyo mwaka 2013. Alirudi kazini Januari 2018.

Kabla yake kuna Dick Vermeil wa Philadelphia Eagles, timu ya kandanda ya Kimarekani, aliyekuwa akilala ofisini. Aliacha kazi mapema 1983 akisema amechoka kabisa. Aliporudi kufundisha ilikuwa 1997, akiwa na St. Louis Rams, na baada ya misimu miwili ya vipigo alifupisha mazoezi ambayo wachezaji walikuwa wakiyalalamikia. Januari 2000 akatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa mchezo huo.

Dhana: Kocha akitoka, timu itayumba.

Steve Kerr wa Golden State Warriors, timu nyingine ya NBA, alianza msimu wa 2015/16 akiwa nje kwa matatizo ya mgongo baada ya upasuaji. Msaidizi wake Luke Walton alishinda mechi 24 za kwanza mfululizo, na Kerr aliporudi Januari alikuta ushindi 39 na vipigo 4. Timu ilimaliza na ushindi 73, rekodi ya NBA.

Dhana: Wiki mbili zinamrudisha kocha mzima.

Hapa tusidanganyane. Ralf Rangnick aliipa Schalke Kombe la Ujerumani Mei 2011; Septemba mwaka uleule akajiuzulu kwa uchovu mkubwa. Pep Guardiola alihitaji mwaka mzima New York na familia yake alipoondoka Barcelona 2012. Klopp naye, Januari 2024, alitangaza kwamba nguvu zinamwishia, pamoja na likizo zote zile.

Kwa hiyo klabu inayomjali kocha wake ingeandika mambo mawili kwenye mkataba kabla msimu haujaanza: siku zake za likizo, na jina la atakayeshika timu na simu siku hizo. Likizo inayosubiri ruhusa baada ya kipigo haifiki kamwe.